Kaya ni nini? Nyumba moja Mabatini, vyungu sita

Taarifa yoyote ya takwimu za Mwanza, iwe ya sensa, ya maji au ya bima ya afya, haiendi mbali kabla ya kutaja kaya. Wengi tunalipita neno hilo haraka, tukidhani ni namna ya kiofisi ya kusema nyumba, au familia. Kaya si nyumba, na si familia. Asiyetenganisha mambo hayo matatu ataisoma vibaya karibu kila namba inayoandikwa kuhusu mji huu, na jambo hili linanigusa kwa sababu ni kwa namba hizo ndipo hupangwa nani apate nini.

Katika sensa ya Tanzania, kaya ni mtu mmoja, au kundi la watu wanaoishi pamoja na kushirikiana mahitaji ya kila siku, hasa chakula. Mitaani husemwa kwa kifupi: wanaokula chungu kimoja. Undugu si sharti. Dada wa kazi anayelala na kula hapo ni mwanakaya. Kijana aliyeletwa kutoka Kwimba kuuza duka la mjomba wake, akalala stoo na kula kwa mjomba, naye yumo. Lakini ndugu wa tumbo moja waliopanga vyumba vinavyotazamana, kila mmoja na jiko lake la mkaa na bajeti yake, ni kaya mbili, hata kama wanaazimana chumvi kila jioni.

Tuchukue nyumba ya mfano Mabatini, kata ya hapa Mwanza, moja ya zile zilizopanda kilima katikati ya mawe. Ina korido katikati, vyumba huku na huku, choo kimoja uani na bomba moja. Mwenye nyumba anaishi vyumba vya mbele na mkewe, watoto wanne, mama yake mzazi na mpwa: watu 8. Nyuma yupo mama lishe na watoto wake watatu: 4. Kuna wanafunzi wawili wa chuo wanaochangia chakula: 2. Kuna dereva wa bodaboda peke yake, na mlinzi peke yake. Chumba cha mwisho wana mke na mume waliooana juzi juzi: 2. Nyumba ni moja na anwani ya makazi ni moja. Kaya ni 6, na watu ni 18.

Gawanya 18 kwa 6, unapata 3. Huo ndio wastani wa ukubwa wa kaya katika nyumba ile, na hakuna kaya hata moja humo yenye watu 3. Hapa inafaa kukaa kidogo, maana hapa ndipo wengi hupotea. Ukihesabu kaya, 4 kati ya 6 zina mtu mmoja au wawili, kwa hiyo utasema nyumba hii ni ya kaya ndogo. Ukihesabu watu, 12 kati ya 18 wanaishi kwenye kaya zenye watu wanne au zaidi, na utasema watu wengi hapa wanaishi kwenye kaya kubwa. Kauli zote mbili ni kweli, tena kwa nyumba hiyohiyo na usiku huohuo. Anayepanga kuuza majiko madogo ya gesi atazame kaya. Anayetaka kujua mtoto wa kawaida wa Mabatini anakula chungu kimoja na wangapi atazame watu. Wastani peke yake hauwatoshi wote wawili.

Sasa tuende kwenye namba halisi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 706,453 katika Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazofanya mji wa Mwanza. Sensa ya 2022 ilikuta 1,104,521, yaani Nyamagana 594,834 na Ilemela 509,687. Ni ongezeko la watu karibu laki nne kwa miaka kumi, zaidi ya nusu ya waliokuwepo. Mkoa wote ulitoka 2,772,509 ukafika 3,699,872, ongezeko la takribani theluthi moja. Wilaya nyingine zote, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema na Ukerewe, ziligawana lililobaki baada ya mji kuchukua zaidi ya asilimia 40 ya ongezeko la mkoa.

Katika kipindi hichohicho, wastani wa ukubwa wa kaya kitaifa ulishuka kutoka watu 4.7 hadi 4.3. Ukisikia hivyo, rahisi kudhani watu wameacha kuzaa. Uzazi kweli unapungua polepole: utafiti wa afya wa 2015/16 ulionyesha wastani wa watoto 5.2 kwa mwanamke nchini, na ule wa 2022 ukaonyesha 4.8. Lakini kaya inaweza kupungua ukubwa bila mtoto hata mmoja kupungua, kwa sababu inaweza kugawanyika. Kijana wa Misungwi aliyekuwa wa saba katika kaya ya baba yake akipanga chumba Igoma, nchi haijaongeza mtu, ila imeongeza kaya. Ile ya watu 7 imebaki na 6, na imezaliwa nyingine ya mtu 1. Kabla ya kuhama kwake wastani wa kaya hiyo ulikuwa 7. Sasa kaya ni mbili na wastani ni 3.5. Zidisha kwa vijana wote wanaoshuka stendi ya Nyegezi au ya Nyamhongolo wakiwa na begi moja, kisha kwa wanafunzi waliojaza vyumba vya Malimbe na Nyegezi kuzunguka Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ndipo utaelewa jinsi idadi ya watu inavyoweza kupanda huku wastani wa kaya ukishuka.

Ndiyo maana mji huhitaji vyumba, vyoo na mita kwa kasi kubwa kuliko kasi ya watu wenyewe. Kila chungu kipya kinataka pa kupikia. Wanaotazama idadi ya watu tu, kisha wakashangaa kwa nini Buswelu, Kiseke na Buhongwa zimejaa misingi na tofali, wamesahau upande huu.

Kuna suala la nani anahesabiwa wapi. Sensa yetu humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na kwa sensa iliyopita ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Mgeni aliyelala kwako ni wako usiku ule. Mwanao aliyelala bwenini ni wa shule. Mgonjwa aliyelazwa Bugando anahesabiwa hospitalini, na aliye nyumba ya wageni anahesabiwa hukohuko. Wenye kazi za usiku, kama walinzi, wauguzi wa zamu na wavuvi, huhesabiwa kwenye kaya zao, ambako wangelala kama wasingekuwa kazini.

Kwa watu wa ziwani kanuni hiyo si jambo dogo. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Usiku ule wa Agosti 2022 mwezi ulibakiza siku chache tu uandame, kwa hiyo ulikuwa msimu wa giza, na wavuvi wa dagaa walikuwa kazini. Aliyetoka Kirumba jioni ili arudi alfajiri ni wa kaya yake ya Kirumba. Lakini aliyepiga kambi kisiwani kwa majuma kadhaa, akila na wenzake wa mtumbwi, ni wa kambini, na mkewe aliyebaki mjini ameandikwa kwenye kaya isiyo na mume ndani yake. Ukiona takwimu za kisiwa zina wanaume wengi kupita kiasi, au mtaa fulani wa mjini una wanawake wengi wanaoongoza kaya, usikimbilie kusema ndoa zimevunjika. Uliza kwanza ziwa lilikuwa na nani.

Mkuu wa kaya naye hueleweka vibaya. Si lazima awe mwanamume, wala mkubwa kwa umri, wala mwenye kipato kikubwa. Ni yule ambaye wanakaya wenyewe wanamtambua kuwa ndiye mkuu. Kwa mwanamume mwenye wake wawili, kila mke akiwa na jiko na bajeti yake, hizo ni kaya mbili. Mume huhesabiwa alikolala usiku wa sensa, mara moja tu, na nyumba ya pili mke ndiye mkuu. Kwa makazi ya Wasukuma ambako boma moja lina majiko mawili au matatu, kanuni hiyo hubadilisha picha kabisa. Mgeni anaona familia moja kubwa, karani anaandika kaya tatu.

Mpaka wa eneo nao unaweza kumdanganya msomaji. Sensa ya 2002 iliupa mkoa wa Mwanza watu 2,942,148. Sensa ya 2012 ikaupa 2,772,509. Ukiziweka pamoja bila maelezo utasema watu wa Mwanza walipungua, jambo ambalo hakuna aliyeliona kwa macho. Kilichotokea ni kwamba mwaka 2012 uliundwa mkoa wa Geita, na Geita ikaondoka na watu wake. Watu hawakuhama, mpaka ndio uliohama. Kulinganisha sensa mbili bila kuangalia ramani ni kulinganisha vitu viwili tofauti.

Nimalizie na mahali ambapo maana ya kaya inagusa mfuko na afya ya mtu. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, mpango wa bima ya afya, uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu 6. Rudi Mabatini: kaya ya mwenye nyumba ina watu 8, kwa hiyo wawili wanabaki nje ya kadi, huku mlinzi wa chumba cha nyuma, kaya ya mtu mmoja, akiandikiwa mchango uleule. Kaya ya sensa haina kikomo cha watu. Kaya ya bima inacho. Neno ni moja, kipimo si kimoja, na mama anayekwenda kujiandikisha ana haki ya kuelezwa hivyo mapema, kabla hajafika dirishani na kuambiwa mama mkwe hayumo.

Choo nacho kina kanuni yake. Katika vipimo vya Shirika la Afya Duniani na UNICEF, choo kizuri kinachotumiwa na kaya moja huwekwa daraja la juu kuliko choo kizuri kilekile kinachotumiwa na kaya mbili au zaidi. Choo cha uani Mabatini, hata kikiwa na maji, mlango na kuoshwa kila asubuhi, kwa watu 18 hao kinaandikwa kuwa cha kuchangia. Familia moja ya watu 18 inayokula pamoja ingetumia choo hichohicho na kupanda daraja. Kipimo kina sababu yake, kwa kuwa choo cha kaya nyingi mara nyingi hukosa wa kukisafisha na usiku hakina usalama kwa wanawake na watoto. Ila kwa mji kama Mwanza, ambako wapangaji wa korido moja ni maisha ya kawaida, mtaa unaweza kuonekana hauna vyoo kumbe unavyo, na kinachopungua ni idadi yake kwa kila kaya. Fedha za kujenga vyoo vipya na fedha za kuongeza matundu kwenye vilivyopo ni mafungu mawili tofauti, na kaya ndiyo inayoamua mtaa uombe lipi.