Je, wajua kwa nini barua pepe yako binafsi hujitokeza kwenye msimbo wa ofisini?

Watu wengi huamini kwamba jina linaloonekana kwenye komiti, yaani rekodi moja ya mabadiliko ya msimbo, hutokana na akaunti waliyoingilia GitHub au GitLab, tovuti za kuhifadhi msimbo. Kwa hiyo anayetaka kutenganisha kazi za mwajiri na zake binafsi hutoka akaunti moja, akaingia nyingine, kisha akashangaa kuiona anwani ileile. Hata akiifuta Git, programu inayotunza historia ya msimbo, na kuisakinisha upya, anwani hubaki, kwa kuwa imo katika faili la mipangilio la .gitconfig ambalo usakinishaji hauligusi.

Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hukamilisha komiti ndani ya kompyuta yako kabla ya kuwasiliana na seva yoyote. Jina na barua pepe ni maandishi matupu ambayo haiyahakiki. Ukijiandika kuwa ndiwe Torvalds, itapokea bila kuguna.

Ichukulie komiti kuwa barua inayopelekwa na tarishi. Jina la mwandishi liliandikwa mezani, ilhali askari wa getini hukagua kitambulisho cha tarishi pekee, wala hafungui bahasha. Ufunguo wa SSH, yaani faili la siri linaloithibitishia seva wewe ni nani, ndio kitambulisho hicho; user.email, mpangilio wa Git wenye anwani yako, ndilo jina lililo ndani ya barua. Hivyo tarishi wa ofisini hupita bila kizuizi akiwa na barua yenye jina lako la nyumbani. Zipo, hata hivyo, seva za kampuni zilizopangwa kufungua bahasha na kukataa anwani zisizo zao.

Tangu toleo la 2.13 la mwaka 2017, Git huweza kuchagua utambulisho kwa kufuata folda. Ndani ya .gitconfig huandikwa:

[includeIf "gitdir:~/kazi/"]
path = ~/.gitconfig-kazi

Mkwaju (/) wa mwisho baada ya "kazi" si pambo: ukiuacha, miradi iliyomo ndani ya folda hiyo haitaguswa. Faili hilo la pili hubeba user.email ya ofisi na, kupitia mpangilio wa core.sshCommand, ufunguo wake wa SSH, maana vitambulisho vyote viwili vinapaswa kubadilishwa.

Mpangilio huu haurekebishi komiti za zamani. Anwani huingia katika hesabu inayozaa namba ya utambulisho ya komiti, kwa hiyo kuisahihisha moja hubadilisha namba yake na za zote zilizojengwa juu yake. Ni afadhali, kabla ya komiti ya kwanza, kuendesha git config --show-origin user.email ndani ya mradi, amri inayotaja anwani pamoja na faili ilikotoka.