Je, wajua mnyama asiye na mapafu wala matamvua hupumuaje?

Picha ya kwanza ya salamanda niliyoiona ilinipoteza mara mbili. Nilimdhania mjusi, kumbe hana hata gamba moja na ukoo wake ni wa vyura. Kisha nikasoma kwamba hana mapafu, nikajijibu haraka: basi huyu ni wa majini, ana matamvua kama samaki.

Kosa hili la pili ndilo kubwa, kwa kuwa linaonekana kama akili ya kawaida. Salamanda mwenye mashavu mekundu, Plethodon jordani, huishi katika misitu ya milima ya Great Smoky, mpakani mwa Tennessee na North Carolina nchini Marekani, na hapatikani kwingine. Hana mapafu, hana matamvua, na mto haumhusu. Jenasi yake yote, yaani kundi la ndugu zake wa karibu, hutaga nchi kavu. Hatua ya kiluwiluwi humalizikia ndani ya yai, na mtoto hutoka na miguu yake minne tayari.

Hupumua kwa ngozi, akisaidiwa na utando wa ndani ya kinywa.

Fukiza udi chumbani. Hata usipopepea, harufu itafika ukumbini, maana hutoka palipojaa ikaenda palipo haba. Oksijeni nayo hufanya hivyo: hewani ni tele, kwenye damu iliyokwisha kuzunguka mwilini imepungua, na kati yake pana ngozi nyembamba tu. Lakini lazima kwanza iyeyuke katika unyevu uliotanda juu ya ngozi. Ngozi ikikauka, pumzi imekatika. Ndiyo maana mchana hujificha chini ya magogo na mawe, akatoka usiku wa mvua au ukungu. Mapafu yetu pia yana unyevu huohuo; sisi tumeuficha kifuani, yeye ameuvaa nje.

Udogo wake nao una kazi. Anayeanika makopa anajua: muhogo mzima huchelewa kukauka, vipande vyembamba hukauka upesi, kwani uso ni mwingi kuliko kilicho ndani. Mwili mwembamba wa salamanda una ngozi ya kutosha kuulisha hewa, tena ni mnyama wa damu baridi, mahitaji yake ni madogo.

Kwa nini ukoo wa salamanda hawa wasio na mapafu uliyaacha? Maelezo ya zamani husema mababu waliishi kwenye vijito vya kasi, na mapafu yenye hewa yangewafanya waelee na kusombwa. Wataalamu hawajaafikiana. Ila mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba kiinitete cha Plethodon cinereus, ndugu yake wa jenasi hiyohiyo, huanza kuota mapafu ndani ya yai, kisha yakatoweka kabla hajaanguliwa.