Si Mwili Uliozoea Dawa
Hapa Mombasa, mgonjwa wa homa ya matumbo asiyepata nafuu huambiwa kwamba mwili wake umezoea dawa. Kauli hiyo si sahihi, na yanisikitisha, kwani humfanya mtu ambaye hajawahi kuitumia dawa hiyo ajione yu salama. Wanaobadilika ni bakteria. Jenomu (mfuatano wa herufi za DNA) ya Salmonella Typhi, bakteria wa homa ya matumbo, iliyochapishwa mwaka 2001, ya bakteria aliyetoka kwa mgonjwa wa Vietnam, ilikuwa na herufi zipatazo milioni 4.8, na kando ya kromosomu, yaani DNA kuu ya bakteria, ikaonekana plasmidi, yaani kipande cha DNA cha mviringo, iliyobeba jeni za usugu dhidi ya dawa kadhaa. Plasmidi za namna hiyo huweza kuhamia kwa bakteria wengine, hivyo mtu aweza kuambukizwa bakteria walio sugu tayari.