Je, wajua kwa nini simu inayokuepusha na watu inaweza kukuzidishia hofu ya watu?

Jijini Dar es Salaam, kijana amepanda daladala la Mwenge kwenda Posta na anataka kushuka Makumbusho. Tangu gari lilipopita Sayansi amekuwa akilirudia moyoni neno moja tu, "Shusha." Konda anauliza, "Makumbusho wapo?" Kijana anafungua mdomo, lakini sauti haitoki. Konda anagonga bodi, gari linapita. Kijana anashuka Victoria pamoja na abiria wengine na kurudi kwa miguu juani, huku akiona ahueni kwamba hakuna aliyegeuka kumtazama.

Ahueni hiyo ndiyo inayomponza. Wataalamu wa afya ya akili huizungumzia hofu ya kijamii, yaani hofu ya kutazamwa na kupimwa na watu, kama ugonjwa pale inapodumu, kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na kumzuia mtu kusoma, kufanya kazi au kuchangamana na wenzake. Mara nyingi huanza katika umri wa balehe. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani uliitambua kuwa ugonjwa unaojitegemea mwaka 1980. Kwetu hujificha kwa urahisi kwa sababu hufanana na haya, na haya ni sifa njema: mtoto asiyenena mbele ya wageni husifiwa kwamba ana adabu, na mtu mzima anayekwepa hadhara huitwa mpole. Lakini mwenye haya akiwa na la kusema hulisema. Mwenye hofu hii anataka kusema na hawezi, kisha usiku hulala akijilaumu kwa neno moja ambalo hakulisema.

Mwaka 1995 wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walieleza kinachoiendesha hofu hii. Mtu anapohisi kwamba anatazamwa, fikira zake hugeuka na kuelekea ndani. Husikiliza mapigo ya moyo wake, huhisi jasho la viganja vyake, na kutokana na hisia hizo hujichorea picha ya jinsi anavyoonekana kwa wengine. Picha hiyo huwa mbaya kuliko hali halisi. Pamoja na hayo huwa na mbinu za kujikinga, kama vile kusema kwa sauti ya chini, kuinamia simu, au kupitiliza kituo, na jambo baya analolitarajia lisipotokea, huamini kwamba ni mbinu hizo zilizomwokoa. Kijana wetu hajapata kujua kwamba angesema "Shusha" abiria wangeendelea na mambo yao, kwa kuwa hajapata kulisema.

Hapo ndipo mbunifu wa teknolojia anapotakiwa kuwa mwangalifu sana. Simu zetu tayari zimerahisisha ukimya: tunalipa bila kumwambia muuzaji neno, tunaagiza chakula bila kupiga simu, tunaandika ujumbe pale ambapo zamani tungebisha hodi. Urahisi huo si ubaya. Hata mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi jijini mwaka 2016, yaliwapumzisha wengi kwa kusimama vituoni bila abiria kupaza sauti. Lakini mtu akimtengenezea mgonjwa programu kwa nia ya kumsaidia, na programu hiyo ikawa inamsemea kila mahali, amempa mbinu nyingine ya kujikinga, tena yenye nguvu kuliko zote. Kwa maoni yangu, hili ndilo kosa kubwa linaloweza kufanywa katika kazi hii, na ni rahisi kulifanya kwa sababu mtumiaji mwenyewe atashukuru.

Programu nzuri humpeleka mtu kwa watu kidogo kidogo. Kabla kijana hajapanda daladala, simu inaweza kumwomba aandike anachotarajia: "Wote watageuka na kunicheka," na kwamba ana uhakika kiasi gani, kuanzia 0 hadi 100. Halafu inampa kazi ndogo, pengine aseme "Shusha" siku ambayo abiria mwingine naye anashuka hapohapo. Baadaye haimuulizi moyo wake ulidundaje, kwa sababu swali hilo lingemrudisha ndani. Inamuuliza ni wangapi waliogeuka, na konda alivaa shati la rangi gani. Ili ajibu, ni lazima awe aliinua macho. Kwa sababu hiyohiyo nina mashaka na saa za mkononi zinazomwonyesha mwenye hofu mapigo yake dakika kwa dakika.

Watafiti wamejaribu njia nyingine pia. Mwaka 2017 Amit Lazarov na wenzake walichapisha matokeo ya tiba inayotumia kifaa kinachofuatilia macho: mgonjwa hutazama skrini yenye nyuso nyingi huku akisikiliza muziki aliouchagua mwenyewe, na muziki huo huendelea anapotazama nyuso tulivu na hukatika anapoganda kwenye nyuso zenye kutisha. Hofu ya waliotibiwa hivyo ilipungua. Kabla ya hapo, mwaka 2002, David-Paul Pertaub, Mel Slater na Chris Barker walikuwa wamewasimamisha watu wahutubie hadhira iliyochorwa na kompyuta. Hadhira ilipoonyesha dharau, wasemaji waliingiwa na wasiwasi ingawa walijua fika kwamba mbele yao hapakuwa na mtu, na hata wale wasioogopa kuhutubia hawakusalimika. Kama hofu huamka mbele ya sanamu, basi mtu anaweza kujizoeza mbele ya sanamu hizo kabla hajawakabili wanadamu.

Hata hivyo, kifaa cha namna hiyo kikiletwa Dar es Salaam kitakutana na maisha ya hapa. Programu inayomtaka mtu ajizoeze kusema kwa sauti haimfai anayelala chumba kimoja na ndugu zake watatu Manzese, ambako kila neno lina msikilizaji. Inapaswa kumruhusu aanze kwa kunong'ona, au afanye zoezi lake barabarani huku simu ikiwa sikioni kama anayeongea na mtu. Ukumbusho unaotokea kwenye kioo cha simu usitaje hofu wala tiba, kwa kuwa simu hushikwa na wengi, na mazoezi yafanye kazi hata bando likiisha. Alama za ushindi na orodha ya waliofanya vizuri ziachwe kabisa. Huyu ni mtu anayeugua kwa kuogopa kupimwa. Na anayeandika kwamba amechoka kuishi asijibiwe na mashine peke yake, bali aonyeshwe papo hapo njia ya kumfikia binadamu, iwe ni muuguzi, mshauri au daktari wa akili katika hospitali kama Muhimbili.

Limebaki suala la kuachana na programu yenyewe. Biashara nyingi za simu hupima mafanikio kwa idadi ya wanaorudi kila siku, lakini hapa kipimo hicho hakifai. Kadiri kijana anavyoendelea, ukumbusho upungue, kutoka kila siku hadi mara moja kwa wiki, kisha unyamaze, na mbunifu ahesabu kwa furaha wale walioifuta. Itakuwa vizuri ikiwa asubuhi moja kijana yumo ndani ya daladala, simu imezimwa mfukoni, na konda anauliza, "Makumbusho wapo?"