Mjane wa eda anaoga, anasema na watu, anatoka

Wengi pwani wamelelewa wakiamini kuwa mjane aliye kwenye eda, yaani muda wa kungoja baada ya mume kufa, haogi vizuri, hajitazami kiooni wala hasemi na mwanamume. Sheria ya Kiislamu haisemi hivyo. Muda ni miezi 4 ya mwandamo na siku 10 tangu mume alipofariki, hata habari ikichelewa. Mjamzito humaliza akijifungua. Anachoacha ni kuolewa, manukato, wanja, hina na vito. Aoge kwa sabuni isiyonukia, achane nywele. Usiku alale nyumbani. Mchana atoke kwa haja: zahanati, benki, riziki.

Machozi hayamo kwenye masharti. Mtulivu pengine ndiye aliyeumia zaidi, na kumlazimisha aomboleze mbele ya wageni ni kumdhulumu.