Bonde la Kilombero mwaka 2055: kwa nini mpango wa matumizi ya ardhi uchore kesho zaidi ya moja

Mpango wa matumizi ya ardhi, kwa jinsi tunavyouandaa katika wilaya nyingi za Tanzania, huishia kwenye ramani moja yenye rangi zake: makazi, kilimo, malisho, msitu, hifadhi ya vyanzo vya maji. Ramani hiyo huonekana kana kwamba inaeleza ardhi tu, ilhali imebeba makisio mengi kuhusu mvua, bei ya mazao, ongezeko la watu na njia za mifugo, na mara nyingi makisio hayo hayakuandikwa popote wala kujadiliwa kwenye mkutano wowote. Yakibadilika, mpango hubaki kwenye kabati la halmashauri na watu huendelea kuigawana ardhi kwa nguvu zao. Mimi ni mtaalamu wa mipango ya ardhi, na katika makala hii nataka kueleza njia nyingine ya kufanya kazi hii, yaani kuchora kesho kadhaa zinazowezekana kabla ya kuchagua mpango mmoja. Nitatumia mfano wa Bonde la Kilombero mkoani Morogoro.

Bonde hili limekaa kati ya Milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mito inayoshuka kutoka Udzungwa huingia Mto Kilombero, nao hukutana na Luwegu na kuwa Rufiji, ambako chini kidogo limejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Sehemu kubwa ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero. Uwanda wake wa mafuriko uliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, nao ndio makao makuu ya sheshe, aina ya swala wa mabondeni, hapa nchini. Wakati huohuo bonde ni ghala la mpunga, lina mashamba ya miwa na mitiki, linapitiwa na reli ya TAZARA, na tangu 2010 limo katika maeneo yaliyolengwa na mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini, SAGCOT. Mambo yote haya yanatazamia maji yaleyale na ardhi ileile, na kila taasisi inayahesabu kana kwamba iko peke yake.

Matokeo ya kuhesabu hivyo tuliyaona kwa jirani. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990, Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hakuna aliyewahi kukaa na kuamua kwamba mto huo ukauke. Katika Bonde la Usangu, juu ya hifadhi hiyo, skimu moja ya umwagiliaji iliidhinishwa, kisha nyingine, mifereji ya wakulima wadogo ikaongezeka, na kila uamuzi ukitazamwa pekee ulikuwa na sababu nzuri. Baadaye wafugaji waliondolewa Usangu kwa nguvu, jambo lililowaumiza wengi, na baadhi yao walihamia mabonde mengine, Kilombero likiwamo.

Njia ya kuchora kesho kadhaa haikuanzia kwenye mipango ya ardhi. Kampuni ya mafuta ya Shell iliitumia mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ilisaidiwa nayo bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Afrika Kusini. Mwaka 1991 na 1992 watu wa kambi zilizokuwa zikipingana walikutana Mont Fleur na kukubaliana juu ya hadithi nne za mustakabali wa nchi yao, ingawa kuhusu siasa yenyewe walikuwa bado hawajakubaliana. Nguvu ya njia hii iko hapo: mfugaji na mkulima ambao hawawezi kukubaliana juu ya mpaka leo wanaweza kukubaliana kwamba jambo fulani likitokea, mpaka ule hautamfaa yeyote kati yao.

Kazi huanza kwa kutenganisha yaliyokwisha kuamuliwa na yasiyojulikana. Kwa Kilombero, bwawa limeshajengwa na watu wataongezeka. Hayo hayana mjadala. Yasiyojulikana ni mengine kabisa. Mifano ya kompyuta inayotabiri tabianchi haikubaliani kama mvua za eneo hili zitaongezeka au zitapungua. Bei ya mchele hutegemea maamuzi yanayofanyika mbali na Ifakara, kama ilivyokuwa mwaka 2013 bei iliposhuka baada ya kuruhusiwa mchele wa nje usiolipiwa ushuru. Wala hatujui mifugo itaelekea wapi ukame ukizidi katika mikoa mingine. Wataalamu wengi hupenda kuchukua mambo mawili yasiyojulikana, kuyapanga kama msalaba na kupata hadithi nne. Mimi siipendi sana njia hiyo, kwa sababu hadithi hutoka zikiwa na ulinganifu ambao bonde lenyewe halina. Naona ni bora kuwauliza wanaoishi pale nini kinaweza kubadilisha maisha yao kabisa, kisha kukiendeleza hadi mwaka 2055.

Chukua mustakabali mmoja ambao karibu kila mtu huupenda: skimu ndogo za umwagiliaji zimeenea kando ya mito yote inayotoka Udzungwa, na wakulima wanavuna mpunga mara mbili kwa mwaka. Kwenye ramani ya kawaida hakuna kinachobadilika, kwa kuwa rangi ya kilimo inabaki palepale. Lakini ukiwapa wanakijiji karatasi mbili za manila na kuwaomba wachore eneo lao la masika kwenye moja na la kiangazi kwenye nyingine, unaona jambo ambalo ramani yetu hulificha. Mbuga ileile ambayo mwezi wa nne ni maji ya kambale na perege, na kando yake ni jaruba za mpunga, ikifika mwezi wa nane ni malisho. Ng'ombe huingia kula mabua baada ya mavuno, mara nyingi kwa makubaliano ya mdomo na mwenye shamba. Zao la pili linafuta malisho hayo, na linafanya hivyo katika miezi ambayo mfugaji hana pengine pa kwenda na mito imepungua. Katika hadithi hii ugomvi unazidi ingawa mvua haijapungua hata kidogo na hakuna mgeni aliyehamia. Mpango uliotenga eneo la malisho kwa kuhesabu hekta peke yake, bila kuuliza hekta hizo zina nyasi mwezi gani, hautauona ugomvi huo ukija.

Mustakabali mwingine ni wa mashamba makubwa ya wawekezaji, na wa tatu ni wa bonde linalotunzwa kwa ajili ya bwawa na wanyamapori, ambamo mipaka ya hifadhi inasimamiwa kwa ukali. Huo wa tatu lazima uelezwe kwa ukweli wote. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ilizuia kilimo na malisho katika mapori tengefu, ambayo ni aina ya maeneo ya hifadhi ya wanyamapori, na familia zilizolima ndani ya Pori Tengefu la Kilombero zilijikuta upande usiofaa wa mpaka. Kesho ambayo ni nzuri kwa megawati na kwa tembo inaweza kuwa ya kufukuzwa kwa Mndamba aliyerithi shamba la babu yake. Ndiyo maana ni muhimu nani yumo mkutanoni. Wafugaji ambao hawajaandikishwa kijijini hawaalikwi, na wanawake wanaolima mpunga kwenye ardhi ya kukodi huzungumziwa na wenye ardhi.

Hadithi zikishakamilika, maamuzi ya leo hupimwa ndani ya kila moja. Machache husimama katika zote: kuacha wazi shoroba, yaani njia, za tembo kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kwa sababu ushoroba uliojengwa nyumba haurudishwi, kuweka kiwango cha maji ya kiangazi ambacho kibali chochote hakitakigusa, na vijiji jirani kupanga malisho kwa pamoja. Hili la mwisho linawezekana kisheria. Vijiji vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti wilayani Kiteto vilifanya hivyo chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007. Skimu kubwa ya kudumu, kwa upande mwingine, hufaa katika hadithi moja na kuharibu mbili, kwa hiyo ningeiahirisha au ningeijenga kwa awamu.

Ningependa mipango ijayo ya Mlimba, Ifakara, Ulanga na Malinyi iandikwe pamoja, kila mmoja ukiwa na ukurasa wa dalili za kufuatiliwa: kina cha mto mwezi wa kumi na vibali vya maji vilivyotolewa, ambavyo Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji inavijua, pamoja na eneo linalolimwa mara mbili na tarehe ambayo ng'ombe wa kwanza huingia mashambani. Dalili hizo zisomwe kila mwaka kabla ya bajeti ya halmashauri kupitishwa, na kiwango ambacho kikifikiwa kitalazimu mpango kufunguliwa upya kiandikwe tangu mwanzo, wakati bado hakuna anayegombana.