Je, wajua kwa nini mchele hauiokoi simu iliyoingia maji?

Simu ikitumbukia ndooni, chooni au baharini, ushauri wa kwanza utakaopewa ni ule ule miaka nenda miaka rudi: ifukie kwenye mchele. Atakwambia jirani, atakwambia konda, atakwambia hata muuza simu. Basi mtu anachota mchele kilo nzima, anaizika simu humo na kulala na matumaini. Kuna simu huwaka kweli asubuhi. Kuna inayowaka, ikafanya kazi siku mbili tatu, kisha ikazimika moja kwa moja. Na kuna isiyowaka kabisa, na mchele ule ule ukapikwa mchana.

Tofauti hizo hazitokani na mchele. Zinatokana na mambo mawili: umeme uliokuwa ukipita ndani ya simu wakati maji yanaingia, na vitu vilivyokuwa vimeyeyuka ndani ya maji hayo.

Maji safi kabisa, yaliyoondolewa kila kitu, hupitisha umeme kwa shida sana. Viwandani kuna bodi za vifaa vya umeme zinazooshwa kwa maji ya namna hiyo baada ya kulehemiwa, zikakaushwa na kufanya kazi bila tatizo. Lakini hayo siyo maji tunayoishi nayo. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita. Visima vingi vya Dar es Salaam vilivyo karibu na pwani vinatoa maji ya chumvi, na mwenye nyumba anajua, kwa sababu sabuni haitoi povu. Maji ya Ziwa Victoria yana chumvi kidogo sana, na hupitisha umeme mara mia kadhaa chini ya yale ya bahari. Kwa hiyo simu iliyoangukia ziwani Mwanza na iliyoangukia baharini kutoka kwenye boti ya Zanzibar zote zimelowa, lakini hazikupata ajali moja. Soda, chai ya maziwa na mkojo ziko upande wa hatari, maana zimejaa sukari, chumvi na asidi. Maji ya kufulia nayo yana ubaya wake: sabuni huyafanya yawe mepesi kupenya kwenye nyufa ambazo maji matupu yangekwama.

Sasa ongeza betri. Betri ya simu ya kisasa ina volti kati ya 3.7 na 4.4 hivi. Kinadharia, volti 1.23 tu zinatosha kuanza kuyatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Maji ya chumvi yakikaa kati ya nyaya mbili za bodi, mmoja una umeme na mwingine hauna, shaba huanza kumeguka kutoka upande mmoja na kusafiri ndani ya maji kwenda upande wa pili. Inakoishia huota matawi membamba yasiyoonekana kwa macho, na nyaya zenyewe zimeachana chini ya nusu milimita. Matawi yakigusana, simu imepiga shoti. Yasipogusana, ule upande unaomegwa unaendelea kuliwa mpaka waya unakatika. Kazi hii haisubiri kesho. Inaanza dakika maji yanapoingia, na inaendelea maadamu umeme upo na maji yapo.

Ndiyo maana kukausha kunakuja baadaye. Kwanza ni kukata umeme. Izime simu papo hapo, hata kama inaonekana nzima, hata kama kuna ujumbe wa muamala ulikuwa unausubiri. Usijaribu kama spika bado inalia, usimpigie mtu kwa majaribio, na usiichomeke kwenye chaji. Chaja ya kawaida inapeleka volti 5 kwenye tundu lililojaa maji, na zile za chaji ya haraka hupanda hadi 9 au zaidi. Simu nyingi za miaka ya karibuni huonyesha alama ya tone la maji na kukataa chaji; ukiiona, iamini.

Hapa kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, kinaishinda simu janja ya milioni moja. Kwenye kitochi unafungua mgongo kwa ukucha, unang'oa betri, umeme umekwisha. Simu janja nyingi betri yake imebandikwa ndani kwa gundi, na kuizima si kukata umeme wote: saa inaendelea kuhesabu, na saketi inayosimamia nguvu bado inatumia kiasi kidogo ikisubiri ubonyeze kitufe. Kiasi hicho kinatosha kuendeleza kutu palipo na maji ya chumvi. Kwa hiyo kuizima kunapunguza tu; anayemaliza kazi ni fundi, anapofungua mgongo na kuchomoa kiunganishi cha betri.

Mtazame fundi wa Kariakoo, au wa Luthuli Avenue kule Nairobi, akifungua simu iliyozama wiki iliyopita. Anaupasha mgongo moto kwa bloa mpaka gundi ilegee, anapenyeza kipande cha plastiki pembeni na kukizungusha taratibu. Kabla hajagusa chochote anatafuta kibandiko kidogo cheupe, cha milimita chache tu. Kikiwa chekundu, maji yalifika. Kibandiko hicho kimewekwa na kiwanda makusudi, na hakijali mteja anayeapa kwamba simu "ilizima yenyewe tu." Halafu anainua vifuniko vya bati vinavyofunika chipu. Chini yake, kando ya miguu ya tundu la chaji, kuna unga mweupe na wa kijani umeganda, na pengine mguu mmoja umeliwa wote. Chipu zenyewe zimekaa juu ya vitone vya lehemu, na ule uwazi mwembamba uliobaki chini yake hunyonya maji na kuyashika yasitoke kwa urahisi.

Punje ya mchele itafikaje hapo? Haifiki. Mchele hauwezi kunyonya maji yaliyofungiwa ndani ya simu. Ungeweza tu kupunguza mvuke wa hewa inayouzunguka, na hata hilo haufanyi vizuri. Mpunga hukaushwa mpaka ubaki na unyevu wa asilimia 14 hivi kabla ya kukobolewa, na kuanzia hapo mchele hubadilishana unyevu na hewa ya ghalani, ya dukani na ya jikoni kwako. Mchele uliokaa kwenye gunia Tanga au Mombasa umeshashiba. Vile vifuko vidogo vya silika jeli unavyovikuta kwenye maboksi ya viatu vinanyonya zaidi sana, ila vikishakaa wazi miezi kadhaa navyo vimeshiba. Juu ya hayo mchele una vumbi la wanga, na vumbi likikutana na maji kwenye tundu la chaji linakuwa uji. Apple, katika maelekezo yake ya mwanzoni mwa 2024, iliwaambia wateja waziwazi wasiweke iPhone kwenye mfuko wa mchele, kwa sababu chembe ndogo zinaweza kuiharibu.

Kwa nini basi watu wengi wanaapa kwamba mchele uliwasaidia? Kwa sababu simu nyingi zilizolowa kidogo, kwa maji ya bomba, zingekauka zenyewe juu ya kabati. Mchele umepewa sifa ya hewa. Huduma moja ya kweli uliyoitoa ni kumzuia mwenye simu asiiguse kwa siku nzima, na hiyo si huduma ndogo, nikiwafahamu watu wanavyokuwa na haraka ya kuwasha. Ubaya ni pale simu iliyotoka baharini inapokaa kwenye mchele siku mbili, wakati fundi angeiosha saa ile ile.

Hiyo ya baharini inahitaji kuelezwa zaidi. Maji yakikauka, chumvi inabaki. Chumvi ya mezani huvuta mvuke na kuanza kuyeyuka hewa ikipita unyevu wa asilimia 75 hivi. Chumvi ya bahari ina magnesi kloridi, ambayo huanza mapema zaidi. Mwambao wetu wote, kuanzia Lamu hadi Mtwara, unyevu wa usiku hupita kiwango hicho mara kwa mara. Aliyekulia pwani anajua chumvi ya jikoni inavyolowa wakati wa masika bila mtu kuimwagia maji, na wapo wanaoweka punje za mchele kwenye kikopo ili isigande. Chumvi iliyobaki ndani ya simu inafanya vivyo hivyo. Jumatatu umeikausha, imewaka, umefurahi. Usiku hewa inailowesha chumvi upya, betri ipo, kutu inaendelea. Simu inayokufa siku ya tatu haikufa ghafla.

Kwa hiyo simu iliyoanguka baharini, au iliyomwagiwa soda, huoshwa tena kwa maji. Watu hushtuka wakisikia hivyo. Kama ni simu inayostahimili maji, izime, uisuuze haraka kwa maji safi ya bomba. Watengenezaji wakubwa wenyewe wanashauri hivyo. Kama ni kitochi, ng'oa betri kwanza, toa laini, kisha suuza mwili wake, betri ikae mbali. Kama ni simu janja isiyo na kinga yoyote, izime uende kwa fundi siku hiyo hiyo.

Atakachofanya fundi mzuri ni kuosha bodi kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na mswaki laini, pengine kuitumbukiza kwenye mashine inayotikisa kimiminika kwa mawimbi ya sauti ili uchafu utoke chini ya chipu. Alkoholi hiyo inachukua nafasi ya maji, kisha inakauka bila kuacha kitu. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 siyo mbadala mzuri, maana sehemu iliyobaki ni maji. Na ukimwona fundi anamimina tina, ulizia kwingine: tina inayeyusha plastiki.

Nyumbani, kwa simu iliyolowa maji ya kawaida, kazi ni chache. Vua kava, toa laini na kadi ya kumbukumbu, futa kwa kitambaa kikavu. Elekeza tundu la chaji chini, uigongegonge polepole kwenye kiganja. Usiitikise kwa nguvu, utayasambaza maji yalikokuwa hayajafika. Usipulize kwa mdomo wala usiingize kitambaa au pamba kwenye tundu. Isimamishe mbele ya feni, uiache siku nzima, ikiwezekana mbili. Jua kali, jiko, oveni na mashine ya kukaushia nywele ni marufuku: joto linalegeza gundi, linaharibu kioo, na betri ya lithiamu haipendi mchezo huo. Betri ikivimba baada ya kulowa, mgongo ukaanza kuinuka, usiibonyeze wala kuitoboa, na usiichaji tena.

Kuna watakaosema simu yao imeandikwa IP68, haiogopi maji. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Hiyo ya pili ikiwa saba, maana yake simu ilikaa kwenye maji yenye kina cha mita 1 kwa dakika 30. Nane ni zaidi ya hapo, kwa kiwango ambacho kampuni yenyewe imetaja. Kipimo hufanywa kwa simu mpya na maji yasiyo ya bahari. Mpira na gundi vinavyoziba simu huchakaa, simu ikianguka sakafuni huachia, na ikishafunguliwa kubadilishwa kioo huwa mara chache inazibwa kama mwanzo. Tena simu iliyopata moto juani ikitumbukizwa kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kuelekea ndani. Na pamoja na maandishi yote ya IP, dhamana ya kawaida ya kampuni kubwa hailipi simu iliyoharibiwa na maji.

Laini kwa kawaida hupona, maana vigusio vyake vimepakwa dhahabu. Ifute, iweke kwenye kitochi cha kuazima, na huduma za pesa zinaendelea kama kawaida. Picha ni hadithi nyingine. Kwenye simu janja za kisasa, zilizohifadhiwa ndani ya simu zimefungwa kwa msimbo unaotegemea prosesa ya simu ile ile, kwa hiyo kuhamisha chipu ya kumbukumbu kwenda simu nyingine hakusaidii. Fundi hana budi kuifufua bodi yenyewe, hata kwa nusu saa tu, ili uzinakili.

Na ukienda kununua simu ya mtumba, chomoa kitreya cha laini uchungulie ndani kwa tochi. Katika iPhone na baadhi ya simu nyingine, kile kibandiko anachokitafuta fundi kinaonekana hapo. Kikiwa chekundu, rudisha kitreya, shukuru, uondoke.